Ufagio Mlangoni kwa Toini

Niseme mapema ili nisiulizwe baadaye: hasira zangu hazijapoa, na sijamwomba mtu anisaidie kuzipoza. Naitwa Tauno, nina miaka sabini na moja, naishi upande wa magharibi wa ziwa. Habari hii ni ya jirani yangu Toini Juntunen wa upande wa mashariki. Kati yetu kuna maji ya nusu saa kwa makasia, na kwa miaka mingi hatukuwa na jirani mwingine. Baadaye akaja mmoja. Nitamfikia, na nikimfikia mnisamehe lugha.

Toini aliletwa hapa akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na miwili. Mumewe, Arvi, alikuwa mkata magogo, na nyumba yao waliijenga kwa misonobari waliyoiangusha papo hapo. Arvi alikufa akichota maji kwenye tundu lililotobolewa kwenye barafu ya ziwa, moyo ulisimama tu. Toini akamburuta hadi ndani kwa kigari cha kuni cha kutelezea kwenye theluji, akamfunika blanketi, akachemsha kahawa, akanywa, ndipo akavuka ziwa kuja kuniita. Binti yao yuko kusini, mjini. Kila Krismasi humsihi mama yake ahamie kwenye nyumba za wazee zenye lifti.

"Lifti inipeleke wapi?" Toini humjibu. "Ninakotarajia kwenda ni chini, na huko nitafika bila umeme."

Ndiye huyo. Mgongo wake umepinda, mdomo haujapinda hata kidogo.

Wanyama aliishi nao vizuri kuliko anavyoishi na watu. Sungura alikuwa na shimo chini ya sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke, na Toini hakuwasha moto wa sauna kabla hajapiga teke ukuta mara mbili ili mwenye nyumba atoke kwanza. Korongo walipofika masika na makelele yao, alisimama mlangoni akawapigia kelele na yeye, mpaka wakachoka wao. Ndege wale wa kijivu wa msitu mkongwe walimfuata hadi kwenye kuni wakimrukia mabegani, na hawakupata hata punje. Kwa sababu Toini alikuwa na kanuni moja kubwa kuliko zote: mnyama hapewi chakula na mtu. Hapewi, haachiwi, wala chakula hakisahauliwi nje.

Mwaka fulani nilitupa vichwa viwili vya samaki pale kwenye gati lake, kwa uvivu tu. Loo! Aliviokota, akavitia kwenye ndoo, akanipa ndoo.

"Panda mtumbwi."

"Toini, ni vichwa viwili tu."

"Panda mtumbwi, Tauno. Kule katikati, penye kina. Na ukirudi unawe mikono kwa majivu, unanuka karamu."

Nikapiga makasia katikati ya ziwa, mtu mzima na mvi zangu, kwenda kuzika vichwa viwili vya samaki. Nilikuwa namcheka. Sasa sicheki.

Kanuni ile ilikuwa kwa ajili ya mmoja hasa. Sisi huku yule mkubwa wa msituni hatumtaji ovyo kwa jina lake. Wazee wetu walimpa majina ya heshima, na sisi tumeendelea. Toini alimwita Shangazi. Alikuwa dubu jike, sikio la kushoto limechanika, manyoya ya mabegani yamepauka. Kila vuli alipita nyuma ya sauna kwenda kwenye bwawa la matope panapoota beri, matunda madogo ya mwituni, na wakagawana bwawa lile bila kuandikiana mkataba: asubuhi la Toini, alasiri la Shangazi. Toini akichelewa, Shangazi alikaa ukingoni akasubiri. Shangazi akiwahi, Toini alirudi nyumbani na ndoo tupu akinung'unika. Miaka kumi na minne hivyo. Na kama Shangazi alisogea karibu na ua kupita kiasi, palikuwa na mifuniko miwili ya sufuria ikining'inia kwenye msumari ukutani mwa banda la kuni. Toini aliigonganisha mara moja, kwaa, akasema, "Nenda zako, Shangazi, leo sina hamu ya wageni." Na Shangazi akaenda. Nimeona kwa macho yangu.

Mwaka jana Shangazi alitoka kwenye usingizi wake wa majira ya baridi na watoto wawili. Toini alivuka ziwa kuja kuniambia, yeye ambaye huwa havuki ila kwa msiba.

"Wawili!" alisema, na alikuwa amesahau kuvua kofia. "Mmoja mweusi tii, mmoja mwenye kola nyeupe shingoni. Kwa umri ule! Mimi kwa umri ule siwezi hata kuinamia soksi."

Basi, huyo jirani wa tatu. Rasmus Wiklund, mtu wa kusini, mwenye meno mengi. Alinunua ghuba ya mashariki, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kwa Toini, akajenga vibanda vinne vya mbao vyenye vidirisha. Ndani ya vibanda huketi wageni na kamera zao zenye midomo mirefu. Mbele ya vibanda humwagwa chakula. Mabaki ya samaki kutoka kiwandani, ndoo kwa ndoo, na biskuti za mbwa kwa magunia. Wageni wanapiga picha za dubu akila, wanaita hayo ni pori. Pori! Pori lenye menyu.

Toini alikwenda kumwona, na mimi nikaenda naye, kwa sababu nilijua mdomo wake.

"Kijana," alimwambia, "unamfundisha kwamba harufu ya mtu ni harufu ya chakula. Atakuja kwangu."

Rasmus akacheka kwa upole, kicheko cha kumtuliza bibi kizee. "Mama Toini, usihofu. Dubu wangu ni watulivu sana. Wamezoea watu."

"Dubu wa nani?"

"Namna ya kusema tu, mama."

"Nakuuliza, dubu wa nani? Ulimzaa wewe? Ulimnyonyesha? Mimi nimekaa naye miaka kumi na minne na sijawahi kusema ni wangu." Akainua kidole chake kile kilichopinda kwa ubaridi wa nyavu. "Na hao waliozoea watu ndio wanaokufa kwanza. Wewe hutakuwepo. Utakuwa umeshauza picha."

Aliandika barua kwa wahusika pia, kwa mkono, kurasa tatu. Akajibiwa kwa kijikaratasi chenye ushauri wa namna ya kuishi vizuri na wanyama pori, na dubu anayetabasamu amechorwa juu. Toini alikiwashia jiko.

Majira ya joto hayakwisha kabla ya Shangazi kubadilika. Alianza kupita mbele ya sauna badala ya nyuma. Akanusa kizingiti. Mfuniko uligongwa mara moja akainua kichwa tu. Ilibidi ugongwe mara tatu ndipo akaondoka, na watoto nyuma yake wakijifunza. Toini aliniambia hayo akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na nikaona anaogopa. Hakujiogopea yeye. "Kinachonitisha ni siku atakapoingia ndani ya nyumba ya mtu," alisema. "Akiingia nyumba ya mtu, Tauno, hawamfukuzi. Wanamuua." Alinitazama alipokuwa akisema. Mimi, mimi niliambiwa kwa mdomo wake.

Sasa nieleze jambo la ufagio, maana kila kitu kiko hapo.

Huku kwetu milango haifungwi kwa kufuli. Ukitoka nyumbani unasimamisha ufagio mlangoni, kwa nje, umeegemea ubao. Ufagio ukisimama, mwenyewe hayupo, na hakuna mtu anayeupita, hata kama mvua inamnyeshea na jiko la ndani bado lina joto. Usipokuwepo ufagio, mwenyewe yupo, ingia. Ndivyo ilivyo tangu babu zetu. Ndiyo maana Toini akiwa na safari hamwambii mtu. Amwambie mtu kwa nini? Ufagio si upo?

Ilikuwa Jumatano ya Septemba, kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nampelekea wavu niliokuwa nimemshonea. Nilipokaribia gati nikaona mtumbwi wake umefungwa mahali pake. Nikatazama mlangoni: hakuna ufagio. Nikafurahi, nikajua kahawa ipo. Hatua ya pili kwenye mbao za gati nikaona mlango wenyewe uko wazi kabisa, umelala upande kwenye bawaba moja. Ndani kitu kikavunjika. Kisha kingine.

Nikaita. "Toini!"

Nikajibiwa kwa mguno. Ule mguno haukuwa wa mtu.

Nikatoa simu nikampigia. Nikasikia simu ikilia ndani ya nyumba. Ikalia, ikalia, na hakuna aliyeipokea. Shangazi akatokeza kichwa mlangoni, sikio lake lile limechanika, na mdomo wote hadi kwenye macho ulikuwa mwekundu, unachuruzika.

Jamani, ningefanya nini? Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Mtumbwi wake upo. Ufagio haupo. Simu inalia ndani. Mdomo mwekundu. Nilirudi nyuma hadi mtumbwini, nikausukuma majini, nikapiga namba ya dharura. Nikasema: dubu amemuua jirani yangu ndani ya nyumba yake. Sikusema nadhani. Nilisema amemuua.

Wiki ile ilikuwa ya uwindaji, wanaume walikuwa tayari msituni na bunduki. Polisi wakawapa ruhusa, na kabla ya saa moja kwisha Urho, mkuu wao, mtu niliyesoma naye, akafika kwa njia ya magari na wenzake watatu na mbwa wawili. Shangazi alikuwa ametoka. Alikuwa kwenye shamba la viazi, ameketi, analamba nyayo zake. Hakukimbia. Mwaka mmoja kabla ya hapo angekuwa ameshavuka kilima kwa harufu ya mbwa tu. Aliwatazama watu wanne wakishuka kwenye gari kama anayesubiri ndoo. Urho alipiga risasi mbili. Watoto walipanda msonobari ulio nyuma ya sauna, mweusi juu, mwenye kola chini yake, wakaanza kulia.

Nilikuwa wa kwanza kuingia ndani. Nilijikaza, nikajiambia Tauno, huyu ni jirani yako, utamfunika blanketi kama alivyomfunika Arvi.

Hakukuwa na Toini. Kulikuwa na pipa la beri nyekundu zilizopondwa, zile anazoweka kwa majira yote ya baridi, limepasuliwa na kumwagika sakafu nzima hadi chini ya kitanda. Beri ukutani, beri kwenye pazia. Simu ilikuwa mezani, kando ya miwani yake ya kusomea. Urho aliingia nyuma yangu, akatazama, akavua kofia, kisha akaivaa tena kwa kukosa cha kufanya.

"Tauno," akasema taratibu. "Yuko wapi?"

Mbwa mmoja akaukuta ufagio. Ulikuwa chini ya ngazi, mpini umevunjika vipande viwili. Ulikuwa umesimama mlangoni tangu asubuhi, mahali pake, ukisema kilichokuwa kweli, na Shangazi akausukuma akipita. Dubu hajui kusoma ufagio. Na mimi ninayejua, nilisoma mahali ambapo haupo.

Saa tisa teksi inayobeba wazee kwenda hospitali ikaingia uani. Toini akashuka. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia limefunikwa pamba, mkononi ana mfuko wenye mikate myeusi miwili, mmoja wangu. Alisimama. Alitazama shamba la viazi kwa jicho moja. Kisha mlango. Kisha juu ya msonobari.

"Nani ameita watu?" akauliza.

Urho akatazama viatu vyake. Nikajibu mimi.

"Mimi. Toini, nilidhani umekufa. Ufagio haukuwepo. Nilidhani..."

"Mifuniko ilikuwepo?"

Nikageuka. Mifuniko miwili ilikuwa pale pale ukutani mwa banda la kuni, hatua kumi kutoka kwenye gati, inang'aa juani. Sikuwa nimeigusa. Sikuwa nimeikumbuka. Miaka yote ile nimeiona ikifanya kazi, na siku yenyewe mkono wangu ulikwenda kwenye simu.

"Ningekuwa nimekufa," alisema, "ningekuwa nimeshakufa. Ungegonga tu, angeondoka. Wewe ukaokoa maiti ambayo haipo."

Na hapo, kama kwamba siku haijashiba, Rasmus akatokea kwenye njia ya msituni, anahema, amevaa koti lake zuri. Alikuwa amesikia risasi. Alipomwona Shangazi alishika kichwa.

"Aa, hapana! Yule mwenye sikio! Wiki ijayo nina kundi zima linakuja kwa ajili yake."

Nilimwendea. Sitaki uongo, nilimwendea na ngumi, na Urho akanikamata kiuno kwa nyuma, nikawa napiga hewa kama mlevi wa sokoni. Nilimwita kila kitu nilichojua. Nilimwambia ni yeye aliyemuua, kwa ndoo, kidogo kidogo, tangu majira ya joto.

"Nyamaza, Tauno," Toini alisema.

Nikashusha ngumi.

"Huyu amemfundisha kula mlangoni. Wewe umemwitia bunduki. Mmefanya kazi moja, mmegawana tu zamu." Akaweka mfuko wa mikate kwenye ngazi. "Sasa ondokeni wote, na mbwa wenu. Watoto hawatashuka nyinyi mkiwa hapa."

Tuliondoka. Wote, mimi na Rasmus pamoja, kwenye kundi moja, tumefukuzwa kwa sentensi moja. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kwamba alinitia kapu moja na mtu yule! Mimi niliyezika vichwa vya samaki! Nilipiga makasia nikitukana, nilifika kwangu nikitukana, nilipasua kuni za wiki mbili kwa siku moja nikitukana. Nimtukane nani sasa? Vibanda vya Rasmus bado vipo, ndoo bado zinamwagwa. Barua nimeandika mimi sasa, kurasa nne. Nimeletewa kijikaratasi kile kile, dubu yule yule anatabasamu.

Watoto walishuka usiku ule ule, Urho alinisimulia baadaye, naye aliambiwa na Toini. Asubuhi Toini aliona nyayo zao zikielekea bwawani. Baada ya hapo hakuna aliyewaona. Walikuwa na miezi minane. Hawakujua pa kulala wakati wa baridi, maana wa kuwafundisha alikuwa amekwenda kwa gari la wawindaji.

Majuma matatu nilimwacha. Kisha nikafunga ufagio mpya. Nilichagua matawi membamba ya mti wa gome jeupe, nikaloweka, nikafunga kwa kamba mara tatu, mpini nikauchonga kwa kisu mpaka ukawa laini kama unavyotakiwa. Kazi ya siku mbili. Nilikuwa nimepanga maneno pia. Nilipanga kusema: Toini, nitukane, kisha tunywe kahawa.

Siku niliyovuka, theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, nyembamba, ziwa bado halijaganda. Kutoka mbali niliona moshi kwenye bomba la jiko lake, na moyo ukatulia. Niliufunga mtumbwi. Kwenye theluji ya uani hakukuwa na nyayo zinazotoka uani, zilikuwepo tu za kwenda kwenye banda la kuni na kurudi hadi ngazini, mbichi za asubuhi ile. Mlango ulikuwa umetengenezwa, bawaba mpya. Ndani redio ilikuwa inasoma habari za hali ya hewa, na nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani.

Mlangoni palikuwa na ufagio. Ulikuwa mpya, ameufunga mwenyewe. Umesimama wima umeegemea ubao, kwa nje, na kamba imepitishwa kwenye mpini ikaingia ndani kwenye upenyo wa mlango, ili aweze kuuvuta usimame akiwa tayari yumo.

Nilikaa pale uani mpaka miguu ikafa ganzi. Redio ikamaliza hali ya hewa ikaanza muziki. Alijua niko pale. Kutoka kwenye dirisha lake unaona gati zima. Ningeweza kuita. Ningeweza kugonga. Niliiona hata mifuniko, bado iko kwenye msumari wake, ningeweza kuigonganisha hiyo.

Lakini ufagio ukisimama mlangoni, mwenyewe hayupo, na hakuna mtu anayeupita. Nikauweka ufagio wangu juu ya gati, nikafungua kamba ya mtumbwi, nikarudi nyumbani.